Anza na Waliouawa: Kuwapima Washukiwa wa Mauaji ya Whitechapel

Kila jina jipya linapotangazwa kuwa ndiye "Jack the Ripper", yule muuaji asiyejulikana wa wanawake wa Whitechapel, mashariki mwa London, hoja huwa ni ileile. Fulani alikuwa mkatili, au alishikwa na wazimu, alijua kutumia kisu, aliishi London. Kisha maisha yake huvutwa huku na huku mpaka yaguse mauaji ya mwaka 1888. Kwa njia hiyo wameshatiwa hatiani mawakili, madaktari, mchoraji mashuhuri na hata mjukuu wa Malkia Victoria, na hakuna hata mmoja aliyethibitishwa. Anayetaka kuielewa kesi hii aanze na wanawake waliouawa: walilala wapi, walionekana na nani mara ya mwisho, na mashahidi walisema nini mbele ya baraza la mchunguzi wa vifo siku chache baada ya tukio. Mshukiwa aletwe baadaye, apimwe kwa hayo.

Swali la kwanza ni nani aliyemo kwenye orodha. Wengi wanajua watano: Mary Ann Nichols, maarufu kama Polly (31 Agosti 1888), Annie Chapman (8 Septemba), Elizabeth Stride na Catherine Eddowes (wote usiku wa kuamkia 30 Septemba), na Mary Jane Kelly (9 Novemba). Lakini jalada la polisi lina wanawake kumi na mmoja, kuanzia Emma Smith, aliyeshambuliwa Aprili 1888, hadi Frances Coles, aliyeuawa tarehe 13 Februari 1891. Emma Smith anaondoka mapema, maana mwenyewe kabla ya kufa alisema alivamiwa na kundi la wanaume. Martha Tabram, aliyeuawa tarehe 7 Agosti 1888 kwa majeraha 39 ya kuchomwa, haondoki kirahisi hivyo. Kwangu mimi yeye ndiye anayestahili zaidi kuendelea kujadiliwa: mahali, saa na aina ya mtu aliyelengwa vinafanana mno na vya Polly Nichols, majuma matatu na siku chache tu baadaye.

Hiyo tano imetoka wapi? Tarehe 10 Novemba 1888 daktari Thomas Bond aliwaandikia wakuu wa polisi kwamba mauaji matano yalikuwa ya mkono mmoja. Mwili wa Kelly aliuona kwa macho yake; wale wanne wengine aliwajua kwa kusoma maelezo ya wenzake. Halafu Februari 1894 Melville Macnaghten, ofisa mkuu wa Scotland Yard, makao makuu ya polisi wa London, akaandika taarifa ya ndani akisisitiza kwamba waliouawa na mtu huyo ni watano na watano tu. Macnaghten aliingia kazini Juni 1889, miezi saba baada ya kifo cha Kelly. Na mtu aliyemshuku zaidi, Montague Druitt, maiti yake ilikuwa imeopolewa mtoni Thames tarehe 31 Desemba 1888.

Sasa tazama namna orodha inavyochuja washukiwa. Usiku wa tarehe 17 Julai 1889 Alice McKenzie alikutwa amekatwa koo katika uchochoro wa Castle Alley, na tumboni ana majeraha. Dokta Bond alisema ni muuaji yuleyule. Dokta George Bagster Phillips, aliyeuchunguza mwili kabla yake, alikataa. Ukimfuata Bond, Druitt anatoka, kwa kuwa alishazikwa. Francis Tumblety, mshukiwa mwingine, naye anatoka, kwa kuwa alikimbilia Ufaransa kisha Marekani Novemba 1888. Ukimwongeza Frances Coles, mshukiwa Aaron Kosminski anatoka pia, kwani alikuwa ameingizwa hospitali ya vichaa ya Colney Hatch siku sita kabla. Kwa hiyo anayekuletea mshukiwa mwulize kwanza: orodha yako ina nani, na umemtoa nani kwa sababu gani? Mara nyingi utakuta waliotolewa ni walewale waliomharibia hoja.

Stride ni mfano wa upande wa pili. Alikatwa koo tu. Maelezo ya kawaida ni kwamba Louis Diemschutz, aliyeingia uani Berner Street na mkokoteni wake mnamo saa 7:00 usiku, alimkatiza muuaji. Huenda. Ila anayemtoa Stride anapoteza pia shahidi mkubwa, Israel Schwartz, aliyesema kwamba kama robo saa kabla ya hapo alimwona mwanamume akimwangusha mwanamke kwenye lango la ua huohuo. Huwezi kumwacha Stride ukabaki na maelezo ya sura aliyoyatoa Schwartz.

Kuhusu wanawake wenyewe, kumbukumbu zao ni nyingi kuliko watu wanavyodhani, na ndizo zinazoeleza walifikaje mahali walipouawa. Polly Nichols alizaliwa mwaka 1845, aliolewa na William Nichols mwaka 1864, akazaa watoto watano. Ndoa ilipovunjika, maisha yake yakawa ya kuingia na kutoka katika nyumba za maskini, zile taasisi za serikali zilizowapa mafukara chakula na malazi kwa kazi ngumu na masharti makali. Mei 1888 alipata kazi ya ndani Wandsworth, akamwandikia baba yake kwamba mahali ni pazuri. Julai akaondoka na nguo za waajiri wake. Usiku wa mwisho alifukuzwa kwenye nyumba ya kulala ya Thrawl Street kwa kukosa peni nne za kitanda. Mwenzake Emily Holland alimwona mnamo saa 8:30 usiku kwenye kona ya Osborn Street, amelewa, na akakataa kurudi naye. Maiti yake ilitambulika kwa kuanzia na alama ya nyumba ya maskini ya Lambeth iliyopigwa kwenye nguo yake ya ndani.

Annie Chapman naye alikuwa mjane wa mwendesha gari la farasi. Mumewe alifariki mwishoni mwa 1886, na shilingi kumi alizokuwa akimpelekea kila wiki zikakatika. Stride alizaliwa Torslanda, karibu na Gothenburg, Sweden, mwaka 1843. Eddowes alizaliwa Wolverhampton mwaka 1842, na alikuwa ametoka tu Kent kuchuma hopsi, mmea wa kutengenezea bia, pamoja na mwenzi wake John Kelly. Mary Jane Kelly, aliyekuwa na miaka kama 25, peke yake ndiye aliyekuwa na chumba chake, namba 13 Miller's Court, kwa shilingi nne na peni sita kwa wiki, naye alikuwa na deni la shilingi 29. Ndiyo maana mwili wake uligunduliwa na mtu aliyetumwa kudai kodi.

Neno "malaya" lilibandikwa juu yao wote na polisi pamoja na magazeti. Kwa Kelly ushahidi ni wazi, na kwa Stride upo wa ujanani kwao Sweden. Kwa wengine lipime shahidi kwa shahidi. Polisi wenyewe walihesabu katika eneo lile nyumba 233 za kulala kwa malipo ya usiku, zenye watu 8,530. Mwanamke asiye na peni nne alitembea mpaka kuche au akajikunyata mlangoni mwa mtu, na askari wa doria aliyemkuta njiani saa tisa usiku hakuhitaji sababu nyingine ya kumwandika hivyo. Jambo hili linagusa upelelezi pia. Ukidhani kila mmoja alimpeleka mteja kichochoroni, unaacha kuuliza kama alivamiwa akiwa amechoka, amelewa au amelala.

Sasa saa. Hapa ndipo hoja nyingi huvunjika. Mwaka 1888 mtu wa kawaida wa Whitechapel alijua saa kwa kengele ya kanisa, kwa saa ya kiwanda cha bia au kwa kukisia. Muda wowote uliotajwa na shahidi uongezee au upunguzie dakika tano hadi kumi kabla ya kuujengea jambo.

Kifo cha Annie Chapman kinaonyesha vizuri. Alikutwa na John Davis uani nyuma ya nyumba namba 29 Hanbury Street mnamo saa 12:00 asubuhi. Dokta Phillips alifika saa 12:30, akasema amekufa si chini ya saa mbili, yaani saa 10:30 alfajiri au kabla. Lakini John Richardson, aliyepita kukagua kufuli la ghala la mama yake kati ya saa 10:45 na 10:50, aliketi kwenye ngazi ya uani kukata kipande cha ngozi kilichomuumiza kwenye kiatu, na hakuona maiti. Albert Cadosch, jirani wa namba 27, alisema baada ya saa 11:15 alisikia sauti ikisema "hapana" ng'ambo ya uzio, na dakika chache baadaye kitu kikiangukia mbao. Elizabeth Long alisema saa 11:30, kwa kengele ya kiwanda cha bia, alimwona Annie barabarani mbele ya nyumba hiyo akizungumza na mwanamume.

Long na Cadosch wakichukuliwa neno kwa neno, wanapingana: Annie hawezi kuanguka uani kabla hajaonekana barabarani. Kengele aliyoisikia Long ikiwa ni ya saa 11:15, yote yanakaa sawa. Na daktari? Alipima joto kwa mkono. Mwili ulikuwa mwembamba, umefunguliwa tumbo na umepoteza damu nyingi, nje, asubuhi ya baridi; vyote hivyo huharakisha kupoa. Phillips mwenyewe aliitaja tahadhari hiyo mbele ya baraza, na mchunguzi wa vifo Wynne Baxter akawaamini zaidi mashahidi. Nami nawaamini. Wanaoshikilia saa ya daktari wakaiacha tahadhari yake wanamnukuu nusu. Matokeo yake ni makubwa: jua lilichomoza mnamo saa 11:23 siku hiyo, kwa hiyo muuaji aliondoka mchana ukiingia, katika mtaa ambao watu walikuwa wanaelekea sokoni Spitalfields.

Je, damu nguoni haikumfichua? Karibu kabisa na Buck's Row, alipouawa Polly, kulikuwa na machinjio ya farasi ya Winthrop Street, yakifanya kazi usiku kucha. Wachinjaji watatu walikwenda kutazama maiti ya Polly kabla haijaondolewa. Mwanamume mwenye madoa ya damu hakumshtua mtu pale. Wala maabara isingesaidia. Kipimo cha kutofautisha damu ya binadamu na ya mnyama, ugunduzi wa makundi ya damu na ofisi ya alama za vidole ya Scotland Yard vyote ni vya mwaka 1901.

Suala hilohilo la saa ndilo linalomwandama Charles Lechmere, mwendesha mkokoteni aliyeikuta maiti ya Polly akielekea kazini, na ambaye barazani alijiita Charles Cross. Wanaomshuku husema aliondoka nyumbani saa 9:30 usiku, akaikuta maiti saa 9:45, na mwendo ni wa dakika saba tu. Dakika zilizobaki alikuwa akiua. Hesabu hiyo inataka namba mbili ziwe sahihi kabisa. Magazeti hayakubaliani kuhusu saa aliyoondoka: mengine yaliandika 9:30, mengine 9:20. Na saa 9:45 ndiyo pia saa ambayo Konstebo Neil alisema ameikuta maiti, baada ya Lechmere na mwenzake Robert Paul kwisha kuondoka. Hawawezi wote kuwa sahihi. Jina Cross lilikuwa la baba yake wa kambo, askari polisi, na pamoja na jina hilo alitaja mwajiri wake halisi na anuani yake halisi. Anayejificha hafanyi hivyo. Alikuwepo mahali pa tukio, jambo ambalo washukiwa wengine karibu wote hawana. Zaidi ya hapo hakuna kitu.

Mitre Square, uwanja alipouawa Eddowes, ndipo muda unapobana zaidi. Eddowes alikamatwa kwa ulevi jioni ya tarehe 29 Septemba, akaachiwa kutoka kituo cha Bishopsgate mnamo saa 7:00 usiku, wakati uleule Stride anaokotwa Berner Street. Konstebo Edward Watkins alipita uwanjani saa 7:30, hakuna kitu. Saa 7:35 Joseph Lawende na wenzake wawili, wakitoka klabu, walimwona mwanamke na mwanamume kwenye njia ya Church Passage inayoingia uwanjani. Konstebo James Harvey alifika mwisho wa njia hiyo kama saa 7:41, asione kitu. Watkins akarudi saa 7:44 na kumkuta Eddowes. Muuaji alikuwa na dakika zisizozidi tisa, katika kona yenye giza, na aliondoka na figo moja. Lakini Lawende hakuuona uso wa mwanamke huyo. Alimtambua kwa nguo tu, na kuhusu mwanamume alisema ana shaka kama angemjua tena. Kumbuka hilo unaposikia kwamba mshukiwa fulani "alitambuliwa".

Saa 8:55 usiku Konstebo Alfred Long aliokota kipande cha aproni ya Eddowes, kina damu, kwenye mlango wa jengo la Goulston Street. Alisema alipopita saa 8:20 hakikuwepo. Hiki ndicho kitu pekee kinachoonyesha muuaji alielekea wapi: mashariki, kurudi Whitechapel. Wale wanaomfanya mtu wa kupanda treni kwenda kwao mbali wanapaswa kueleza aproni hiyo kwanza. Juu yake ukutani kulikuwa na maandishi ya chaki kuhusu Wayahudi, yaliyofutwa alfajiri kwa amri ya kamishna wa polisi, Sir Charles Warren, aliyehofia ghasia, kabla ya kupigwa picha. Walioyanakili hawakukubaliana hata mahali pa neno la kukanusha. Hakuna anayeweza kujenga hoja salama juu yake.

Basi tuje kwa washukiwa. Kipimo cha kwanza ni rahisi, na huondoa wengi: alikuwa wapi? Daktari Thomas Neill Cream, aliyenyongwa mwaka 1892 kwa kuua kwa sumu, alikuwa gerezani Joliet, Illinois, tangu 1881 hadi 1891. Mwana wa mfalme Albert Victor alikuwa Scotland na bibi yake Malkia siku walipokufa Stride na Eddowes. Michael Ostrog, mmoja wa watatu waliotajwa na Macnaghten, alikuja kugundulika kuwa alikuwa kizuizini Ufaransa. Huyo wa mwisho ana uzito wa pekee, kwa kuwa anaonyesha ubora wa taarifa aliyokuwa akiitegemea Macnaghten.

Kipimo cha pili: nani alimtaja, lini, na alijuaje? Kuhusu Druitt, Macnaghten aliandika kwamba alisemekana kuwa daktari, wa miaka 41. Druitt alikuwa wakili na mwalimu wa miaka 31, na saa chache baada ya kifo cha Annie Chapman alikuwa uwanjani Blackheath akicheza kriketi. Mchezo haumwondolei hatia kwa saa zake, lakini makosa ya umri na kazi yanaonyesha kwamba habari zilimfikia Macnaghten kwa masikio. Tumblety alitajwa na inspekta mkuu mstaafu, John Littlechild, katika barua ya 1913, miaka 25 baadaye. Seweryn Klosowski, aliyejiita George Chapman, alishukiwa na Inspekta Abberline, aliyeongoza upelelezi Whitechapel, mwaka 1903 baada ya kuhukumiwa kwa kumuua kwa sumu Maud Marsh, mmoja wa wanawake watatu aliowaua hivyo. Abberline alilijua eneo kuliko wote, ila ni vigumu kukubali kwamba mtu aliyeua kwa kisu barabarani alihamia kwenye sumu ya polepole nyumbani mwake.

Kosminski ndiye mzito zaidi, na bado hafiki. Macnaghten alitaja jina la ukoo tu. Sir Robert Anderson, aliyekuwa mkuu wa upelelezi Scotland Yard, katika kumbukumbu zake za 1910, alisema muuaji alikuwa Myahudi wa Poland aliyetambuliwa na shahidi. Inspekta Mkuu Donald Swanson, kwenye nakala yake ya kitabu hicho, aliandika pembeni kwa penseli kwamba jina ni Kosminski na kwamba alikufa muda mfupi baada ya kufungiwa Colney Hatch. Aaron Kosminski, kinyozi, hakufa hadi Machi 1919, katika hospitali nyingine, Leavesden. Amewahi kumtishia dada yake kwa kisu, lakini fomu ya kumpokea ilieleza kuwa si hatari kwa wengine. Ama Swanson alikosea, ama alimchanganya na mtu mwingine.

Halafu ikaja shali. Mwaka 2014 ilitangazwa kuwa shali ya hariri iliyodaiwa kuokotwa kwenye mwili wa Eddowes ina DNA yake pamoja na ya Kosminski. Mwaka 2019 makala ya kisayansi ikafuata. Kasoro ni tatu, na kila moja inatosha. Shali hiyo ilidaiwa kuchukuliwa na askari wa polisi ya jiji zima, Amos Simpson, ilhali Mitre Square ilikuwa chini ya polisi wa City, yaani kiini cha kale cha London, kikosi kingine kabisa. DNA iliyotumika ni ya mitokondria, inayorithiwa kwa mama na kushirikiwa na maelfu ya watu. Inaweza kumwondoa mtu, haiwezi kumtaja. Na badiliko la kijeni lililotangazwa mwaka 2014 kuwa hupatikana kwa mtu mmoja kati ya 290,000 lilitokana na kosa la kuandika: 314.1C badala ya 315.1C, ambalo wapo nalo zaidi ya asilimia 99 ya watu wenye asili ya Ulaya.

Zaidi ya hayo, kasoro ya shali ingeonekana bila maabara. Karatasi za baraza la Eddowes zimesalia katika hifadhi ya nyaraka za London, ingawa majalada mengi ya polisi wa City yaliteketea kwa mabomu ya Vita vya Pili. Humo mna orodha ya kila kitu alichokuwa nacho: kofia nyeusi ya majani makavu, koti jeusi, buti za kiume, kopo la chai na kopo la sukari, vipande sita vya sabuni, kitana, kisu cha mezani, kijiko, pini na sindano zilizofungwa kwenye kitambaa chekundu, na kile kipande cha aproni. Aliyeandika alihesabu mpaka kopo tupu la kiberiti. Shali hakuiandika.

Kwa anayetaka kuanza mwenyewe, asome ushahidi wa mabaraza kwa kulinganisha angalau magazeti mawili, mfano The Times na Daily Telegraph, kwa sababu kumbukumbu rasmi za mabaraza ya Nichols, Chapman na Stride hazipo tena na waandishi walisikia tofauti. Kisha majalada ya polisi na ya Wizara ya Mambo ya Ndani yaliyoko hifadhi ya nyaraka ya taifa, Kew. Kisha kumbukumbu za maofisa, akianza na zilizoandikwa karibu na 1888. Sarafu zilizodaiwa kupangwa miguuni mwa Annie Chapman, kwa mfano, zimo magazetini. Katika ushahidi wa Dokta Phillips, aliyeeleza kuhusu kipande cha kitambaa na vitana viwili, hazimo.